Msituite Tena Kupanda Miti ya Mashujaa Wakati wa Kiangazi

Salamu kwenu vijana wenzetu wa kambini, wa Musasa, Kavumu, Bwagiriza, Nyankanda na Kinama, na ninyi mnaolala mjini, Bwiza, Buyenzi na Buterere. Salamu pia kwenu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma maandishi yetu. Tunajua mnasoma, maana kila tukiandika jambo kali, kesho yake simu inalia.

Leo tunaandika jambo kali kidogo. Tunaomba mlisome mpaka mwisho kabla ya kupiga simu.

Mwaka jana tarehe 30 Juni tulikuwa Rohero. Vijana 20, tisheti nyeupe mpya, majembe mapya. Waliotoka kambini walipewa karatasi za ruhusa za siku tatu, wakalala kwa ndugu zao Bwiza, na saa moja asubuhi wote tulikuwa tumesimama kando ya barabara, si mbali na pale soko kuu lilipoungua mwaka 2013. Tarehe ilichaguliwa kwa makusudi. Tuliambiwa hivi: 30 Juni ni siku ya uhuru wa Kongo, kesho yake 1 Julai ni siku ya uhuru wa Burundi. Kwa hiyo wakimbizi wa Kikongo watapanda miti kwa heshima ya mashujaa waliopigania uhuru wa nchi zote mbili. Wazo lilitufurahisha. Hata leo tunasema wazo lilikuwa zuri.

Miche ilikuwa 60. Mashimo yalichimbwa asubuhi ile ile, na udongo ulikuwa mgumu kama tofali la kuchoma. Mengine ukiingiza mkono hayafiki kiwiko. Miche kadhaa iliingia ardhini pamoja na mfuko wake wa nailoni, kwa sababu mpiga picha alisema tuharakishe, mkubwa ana mkutano mwingine. Kila mche ulipata maji ya kopo moja. Hotuba zilikuwa tatu, mbili kwa Kifaransa na moja kwa Kirundi. Ya Kiswahili haikuwepo, ingawa waliopanda karibu wote ni watu wa Kiswahili. Kibao cha mashujaa kikasimikwa. Tukapewa soda na andazi. Saa sita mchana hapakuwa na mtu.

Sasa hesabuni na sisi. Hapa Bujumbura mvua zinaisha mwezi wa tano. Zinarudi mwezi wa tisa au wa kumi. Hilo halihitaji diploma, kila mama anayelima kandokando ya Rusizi analijua. Maana yake tulipanda miti 60 katikati ya kiangazi, bila bomba karibu, bila ua wa kuzuia mbuzi, bila mtu hata mmoja aliyeandikwa jina kwamba zamu ya maji ni yake.

Wenzetu wanaoishi Bwiza na Buyenzi waliona aibu. Wakapanga zamu wenyewe. Jioni wanachukua bidoni za lita 20, wanazifunga kwenye baiskeli, wanapanda nazo mpaka Rohero, wanagawa maji kidogo kidogo. Mara ya kwanza hakuna aliyewauliza. Mara ya pili mlinzi mmoja aliwauliza wanatoka wapi. Mara ya tatu walizuiwa. Eti mnamwagilia kwa idhini ya nani? Vitambulisho vya ukimbizi vikachukuliwa, wakakalishwa chini tangu saa kumi mpaka giza likaingia. Walipoachwa waliambiwa wasirudi pale na mabidoni yao, wanachafua mji.

Hapo ndipo tulipoelewa hesabu ya mambo. Kijana mkimbizi akishika mche mbele ya kamera ni rafiki wa mazingira. Akishika bidoni jioni bila kamera ni mtu wa kushukiwa. Na mti ni ule ule.

Mwisho wa mwezi wa nane tulihesabu: miche 11 ilikuwa hai. Mvua za kwanza ziliposhuka ilibaki minne. Kibao bado kimesimama vizuri. Kwenye ripoti tuliyoonyeshwa baadaye imeandikwa kwamba miti 60 ilipandwa na vijana wakimbizi 20 walishiriki. Hakuna uongo hapo, maneno yote ni ya kweli. Ila ukimwambia mtu "nimepanda miti 60", yeye anaona kivuli. Haoni vijiti 56 vilivyokauka.

Na mwaka huu tumepata mwaliko mwingine. Tarehe ile ile, mahali pale pale. Tulipouliza kuhusu maandalizi tulijibiwa: "Msijali, mashimo yapo tayari."

Mashimo yapo tayari! Ni mashimo ya miti ya mashujaa iliyokufa mwaka jana. Wazee wetu walisema msitu mpya, nyani wale wale. Hapa hata msitu si mpya.

Tumekataa. Tunaandika hapa tuseme kwa nini, ili mtu asije akasema vijana wakimbizi hawana shukrani, au hawataki kuheshimu historia ya nchi iliyowapokea. Tumekataa kwa sababu tunaiheshimu.

Tuanze na hao mashujaa wenyewe, maana hapo na sisi tuna kosa letu. Siku ile mwandishi wa habari alimuuliza mmoja wetu: "Unapanda mti huu kwa heshima ya Rwagasore. Rwagasore ni nani?" Mwenzetu akajibu: "Ni jina la barabara." Watu walicheka, na sisi tukacheka. Lakini ukweli ni kwamba kati yetu 20, wangapi wangejibu vizuri zaidi? Tulikuwa na jina lake kwenye tisheti, mgongoni. Na wengi tuliibadilisha picha ya siku ile ikawa picha ya ukurasa wetu. Kwa hiyo hatuandiki kama watu wasafi.

Basi tujifunze. Louis Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa IV. Angeweza kukaa kwenye ubwana wake. Yeye mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Warundi ili wasiendelee kunyonywa, na kati ya watu waliomuunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi. Lugha hii tunayoandikia ilikuwa ndani ya harakati ya uhuru wa Burundi tangu mwanzo, haikuja na wakimbizi. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64. Akawa waziri mkuu. Haukupita hata mwezi: tarehe 13 Oktoba 1961 alipigwa risasi akiwa anakula na wenzake kwenye hoteli kando ya ziwa, hapa hapa Bujumbura, ambayo wakati huo iliitwa Usumbura. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, lakini maswali kuhusu mkono wa wakoloni hayajaisha mpaka leo. Alikuwa na miaka 29. Hakuuona uhuru wa 1 Julai 1962.

Wengi wetu tuna miaka 22, 25, 28. Fikirieni hapo.

Na Lumumba wetu? Patrice Lumumba alisafirishwa kwa ndege mpaka Katanga tarehe 17 Januari 1961. Usiku ule ule yeye na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa porini, wakasimamishwa mmoja mmoja mbele ya mti, wakapigwa risasi. Maofisa wa Kibelgiji walikuwepo. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi ili pasibaki kaburi la kwenda kulia. Kilichobaki ni jino, lililochukuliwa na polisi mmoja wa Kibelgiji, na jino hilo lilirudishwa kwa familia mwezi Juni 2022, miaka 61 baadaye.

Angalieni tarehe hizo mbili. Januari na Oktoba, mwaka mmoja, mkoloni mmoja. Kuna wenzetu wanasema: "Hii si nchi yetu, mashujaa wa Burundi wanatuhusu nini? Sisi tunangoja kurudi Uvira, Fizi, Bukavu." Ndugu zetu, tunawaelewa. Hakuna anayetaka kuzeeka ukimbizini. Lakini Lumumba na Rwagasore walikuwa wanasukuma ukuta mmoja, huyu upande huu wa ziwa, yule upande ule. Anayemwagilia mti wa mmoja anamwagilia wa wote wawili.

Ndiyo maana tunasema mti wa Lumumba hauwezi kuwa mchezo. Yule mtu aliuawa mbele ya mti na hana kaburi lenye mwili wake. Ukimpandia mti Rohero kisha ukauacha ufe kwa kiu mbele ya kibao chenye jina lake, umemfanyia nini? Bora usingepanda. Bora ungekaa kimya dakika moja ukaenda nyumbani.

Sasa tusikilize hoja za upande wa pili, tusiwe watu wa kupiga kelele tu.

Hoja ya kwanza tuliyoambiwa: "Mti ule ni ishara tu. Jambo kubwa ni ujumbe." Sawa. Ishara inasema kitu. Mti ulio hai unasema "tunakukumbuka". Mti uliokauka nao unasema, tena unasema kwa sauti, kwa kila anayepita kwenda kazini: "tulikukumbuka mpaka saa sita mchana."

Tena hapa Burundi watu walijua ishara ya mti zamani kabla ya shirika lolote kufika. Wazee wa Kirundi wametueleza kuhusu ikigabiro, yaani mahali palipokuwa na boma la mwami, ambapo miti mikubwa iliachwa isimame. Nyumba za nyasi zilioza zikaisha, watu wakahama, lakini miti ilibaki ikionyesha kwamba hapa palikuwa na utawala. Hiyo ilikuwa kumbukumbu bila kibao. Kuna mti wanaouita umurinzi, wenye maua mekundu. Kwa Kiswahili ni kama kusema mlinzi. Kuna umuvugangoma, mti unaotengenezewa ngoma zile kubwa, ambazo ngoma yake ya kitamaduni ya kifalme UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Watu waliouita mti mlinzi hawakuwa wanapanda wakaondoka. Walijua lazima kuwe na kulindana: wewe unaulinda ukiwa mdogo, kesho nao unakulinda.

Na kampeni ya nchi ya kupanda miti iliyoanza mwaka 2018 inaitwa Ewe Burundi Urambaye, yaani ewe Burundi, umevaa. Jina zuri sana. Lakini nguo, jamani, haivaliwi siku moja ya picha. Inafuliwa, inashonwa ikichanika. Asiyeitunza kesho atatembea uchi hata kama ripoti inasema alinunua suti.

Hoja ya pili: "Mfadhili anataka tarehe ya kitaifa. Tukipanda mwezi wa kumi na moja hakuna sikukuu, hakuna atakayekuja." Hapo angalau mnasema ukweli, na tunawashukuru. Lakini tazameni kalenda vizuri. Siku ya Rwagasore ni tarehe 13 Oktoba. Ni sikukuu ya kitaifa na iko karibu kabisa na mvua! Kwa nini tunaiacha siku yake ambayo mbingu zinasaidia, tunakimbilia siku ambayo jua linachoma? Mashujaa hawakuchagua tarehe ya kufa. Sisi tunaweza kuchagua msimu wa kupanda. Tarehe 30 Juni na 1 Julai zibaki siku za kusimulia, kuimba, kuchimba mashimo na kuandaa mbolea. Mvua ikishika, tunapanda.

Hoja ya tatu, na hii inatoka kwa vijana wenzetu: "Mkikataa mtatukosesha motisha. Siku moja ya kupanda ni faranga kidogo, ni sabuni, ni vocha ya simu." Hii ndiyo inatuuma zaidi, kwa sababu ni kweli. Kuna mwenzetu mmoja pesa ya siku ile ilimnunulia mtoto wake dawa. Hatuwezi kumcheka. Lakini tuulize swali: kwa nini pesa ipo ya kuchimba shimo siku moja, na haipo ya kumwagilia miezi mitatu? Kazi ya maji ni kubwa kuliko kazi ya jembe. Kama kuna motisha, iende huko. Hapo mtu atapata mara 12 badala ya mara moja, na mti utapona.

Hili si ndoto yetu, limeshafanyika hapa Afrika Mashariki. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walitembea mjini Nairobi mpaka Kamukunji, wakapanda miti saba kwa heshima ya viongozi saba wa zamani kutoka makabila mbalimbali ya Kenya. Unaona? Ni jambo lile lile letu: miti ya mashujaa, siku maalumu, wageni. Na mingi ya miti ile saba ilikufa. Hata Wangari, ambaye mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, alianza na miti iliyokauka. Tofauti ni kwamba yeye hakurudi mwaka uliofuata kwenye mashimo yale yale na mpiga picha. Harakati yake ya Green Belt iliwaendea wanawake wa vijijini, wakaotesha vitalu vyao wenyewe, na wakalipwa senti kidogo kwa kila mche uliopona. Rudieni hapo: uliopona. Hesabu haikuwa ya waliohudhuria. Mti ukifa, hakuna malipo. Ndivyo mamilioni ya miti yalivyosimama.

Na wale wanaopenda neno mapinduzi, wanaovaa fulana za Thomas Sankara, wamsome pia. Katika miaka yake minne ya uongozi Burkina Faso, 1983 hadi 1987, kupanda mti kulikuwa sehemu ya mapinduzi. Harusi, ubatizo, sherehe, watu walipanda. Alitangaza kwamba walipanda miti milioni 10 katika miezi 15. Lakini hakuishia kwenye kupanda. Alitangaza vita tatu kwa pamoja: dhidi ya moto wa porini, dhidi ya kukata miti ovyo, na dhidi ya mifugo inayozurura. Maana mwanamapinduzi yule alijua kwamba adui wa mti mdogo mara nyingi ni mbuzi. Sisi miche yetu kadhaa pale Rohero haikufa kwa kiu hata. Ililiwa wiki ya kwanza.

Pale pale Rohero kuna Uwanja wa Uhuru na kuna Uwanja wa Mapinduzi. Hatuingii kwenye ubishi wa mapinduzi gani na ya nani, sisi ni wageni na hatuna kadi ya chama. Tunasema tu kwamba neno hilo ni zito. Kupindua ni kugeuza jambo kutoka lilivyokuwa. Kama kila mwaka tunafanya kile kile, kinakufa kile kile, tumegeuza nini?

Kuna jambo la mwisho la kusema kabla ya madai yetu, na tunalisema taratibu. Kambini tunapikia kuni. Kila mtu anajua kuni zinatoka wapi. Dada zetu wanapanda milimani alfajiri, wengine wanafukuzwa, wengine wanarudi na alama za fimbo, na wenyeji wana haki ya kulalamika kwa sababu mlima wao unabaki mtupu. Kwenye mikutano tunaitwa wakata miti. Halafu tarehe 30 Juni tunapewa tisheti, tunaitwa wapanda miti. Hatutaki jina la kwanza wala la pili kwa njia hiyo. Tungependa mtu aje atuambie: huu mti ni wenu kuutunza, mkiukuza kivuli ni chenu na cha jirani Mrundi. Mkimbizi hana ardhi, tunajua, na hatuombi ardhi. Tunaomba zamu. Mtu asiye na shamba anaweza kuwa na zamu, na akaheshimiwa kwa zamu yake.

Kwa hiyo, kwa wote wanaotualika, masharti yetu ni haya:

Kwanza, hatupandi mti wowote kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Tuiteni mvua ikishashika, au tuiteni 13 Oktoba ikiwa mbingu imefunguka. Mashimo yachimbwe wiki mbili kabla, yafike kina cha mkono mzima, yawekwe samadi. Na mfuko wa nailoni utolewe, hata kama mkubwa ana haraka.

Pili, miche iwe michache. Miti 10 iliyopona inatosha kuliko 60 ya kwenye karatasi. Iwe miti inayofaa mahali pale, umurinzi, umuvugangoma, mivumu pale penye nafasi. Msituletee kalitusi ya kunywa maji yote ya mtaa kwa sababu tu ni rahisi kwenye kitalu.

Tatu, kila mti uwe na majina mawili: la shujaa, na la anayeutunza. Atakayetunza apewe karatasi yenye muhuri inayosema huyu ana ruhusa ya kumwagilia hapa, ili asikalishwe chini tena kama mwizi. Karatasi hiyo haina gharama. Ni gharama ya wino.

Nne, ripoti isifungwe siku ya kupanda. Tuhesabu pamoja baada ya miezi 3, baada ya miezi 12, na baada ya miaka 3. Iandikwe ilipandwa mingapi na iko hai mingapi. Kama motisha ipo, ifuate hesabu ya pili.

Tano, kwa kila mti unaopandwa Rohero, upandwe mmoja kambini, karibu na bomba, pale maji yanapomwagika bure kutwa nzima akina mama wakijaza mabidoni. Mti wa namna hiyo haumwombi mtu maji. Watoto watacheza chini yake, watauliza kwa nini unaitwa Rwagasore, na itabidi sisi wakubwa tujue jibu.

Sita, hotuba moja iwe ya Kiswahili. Shujaa aliyeungwa mkono na watu wa Buyenzi hawezi kukasirika.

Tunajua tunaweza kupoteza kitu kwa kuandika hivi. Labda mwaka ujao wataalikwa vijana wengine, wasiouliza maswali. Labda karatasi za kutoka kambini zitachelewa kidogo. Tulizungumza hayo sote tukiwa tumekaa kwenye turubai, na si wote walikubali. Wenzetu watatu walisema twende tu, tupande, tunyamaze. Tumewasikiliza, bado ni wenzetu, na tunaandika haya wakijua. Lakini mti hauendi ila kwa nyenzo. Tukinyamaza sote, mwaka kesho mashimo yatakuwa tayari tena, na keshokutwa tena.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: hatuwaoni kama maadui. Wengi wenu mko kwenye mikataba ya miezi sita, mnaandikishwa namba ambazo hamkuzichagua. Kuna mmoja wenu alituambia pembeni kwamba na yeye alihuzunika alipopita pale mwezi wa nane. Huyo ndiye tunamwandikia. Upeleke ujumbe huu kwenye mkutano wenu. Sema umetoka kwa vijana, sisi hatuogopi kutajwa kama kikundi.

Sasa tutafanya nini tarehe 30 Juni mwaka huu? Tutakwenda Rohero vile vile. Bila jembe, bila tisheti. Tutakaa chini ya miti ya zamani kando ya barabara, ile ambayo walioipanda hatuwajui lakini kivuli chake tunakitumia, na mmoja wetu atasimulia habari za Rwagasore, mwingine za Lumumba, Mpolo na Okito. Yule aliyejibu "ni jina la barabara" ndiye ameomba kuanza. Amekuwa akisoma tangu mwaka jana.

Halafu kuna ile miche minne iliyobaki. Tumeiona juzi, mmoja umefika kiunoni. Tumeomba ruhusa kwa maandishi ya kuimwagilia kila Jumamosi jioni mpaka mvua zirudi, na tumejibiwa tusubiri. Tutasubiri mpaka mwisho wa mwezi huu, kisha tutauliza tena kwa maandishi. Wakati huo huo tunapanga zamu. Kila wiki watu wawili, baiskeli moja, bidoni mbili.

Jumamosi ya kwanza na ya pili zimeshapata watu. Anayeweza ya tatu aandike jina lake hapa chini.